Kitanda kwa Tembo, Jiko kwa Simba

Enzi hizo wanyama walikuwa bado wanasemezana kabla ya kulana, na mwaka wenyewe ulikuwa wa kiangazi. Mvua za vuli hazikuja kabisa. Za masika zilipita juujuu kama mgeni anayesalimia dirishani na kuendelea na safari. Nyasi zikapanda bei. Kivuli, ambacho tangu dunia iumbwe kilikuwa cha bure, kikaanza kupangishwa.

Bondeni alitawala Simba, na Simba alitoza kodi ya kitanda. Kila kitanda, debe la chakula kila mwezi mwandamo. Alisema mtu ni wa pale anapolala, na zaidi ya hapo hakutaka maswali, maana Simba hakuzoea kuulizwa. Basi watu wa bondeni wakajifunza kulala mzungu wa nne: Ngiri, mkewe, shemeji yake na watoto wa shemeji, kitanda kimoja, miguu ya huyu puani mwa yule.

Mlimani alitawala Tembo, na yeye alitoza kodi ya jiko. Kila penye mafiga, debe. Huko vitanda vilikuwa tele na kila mtu alijinyoosha atakavyo, ila ukoo mzima ulikula chungu kimoja, na mwiko ulishikwa na mama mkwe.

Sungura hakufaa bondeni wala mlimani. Alikuwa mwanamke wa peke yake, na debe la mtu mmoja lina uzito kuliko debe la watu kumi. Tena, kwa bahati mbaya, alikuwa amesoma. Mwenyewe alikuwa akisema masikio yake yalirefuka kwa kusikiliza wahadhiri, na kwamba ndicho kitu pekee alichotoka nacho chuoni.

"Shoga, hamia kwangu," aliambiwa na rafiki yake Kanga, mama wa vifaranga wasiohesabika, aliyekaa mlimani. "Tule chungu kimoja, tugawane mzigo."

"Na watoto wako wote wale? Nitakula saa ngapi, nitakanyagwa saa ngapi?"

"Utazoea."

"Mimi nimesoma, Bi Kanga. Sizoei. Natafuta njia."

Kanga akacheka mpaka manyoya yakamsimama. "Haya, msomi. Ukiipata, na sisi utuoneshe."

Akaipata. Kati ya bonde na mlima palikuwa na mgongo wa ardhi, na juu ya mgongo huo ulipita mstari wa mawe meupe, ndio mpaka. Sungura akajenga nyumba ya vyumba viwili juu ya mawe yenyewe. Chumba cha kulala kikakaa upande wa Tembo, asikohesabiwa mtu kwa kitanda. Jiko likakaa upande wa Simba, asikohesabiwa mtu kwa mafiga. Mawe yalipita kwenye kizingiti cha katikati, naye kila asubuhi aliyaruka akienda kuchemsha uji, akijipongeza.

Siku ya kodi alikuja Fisi, mtoza kodi wa Simba, akitangulizwa na pua yake.

"Hodi! Kitanda kiko wapi?"

"Kitanda jikoni, Bwana Fisi? Kwenu mnalala jikoni?"

"Na kile ninachokiona pale?"

"Kile kiko kwa Tembo. Kamdai Tembo."

Baadaye akaja Nyani, karani wa Tembo, kwa mlango wa nyuma. Akatazama chini ya kitanda, akatazama darini, asione jivu hata chembe. "Unakula wapi, dada?"

"Nchi za nje," alisema Sungura.

Nyani akajikuna, akaondoka. Kwa Simba Sungura hayupo, na kwa Tembo hayupo. Siku hizo kutokuwapo mara mbili alikuona ni jambo la kujivunia.

Lakini Fisi si mtu wa kuondoka penye harufu ya mchuzi. Siku ya tatu alirudi, amejitwika kitanda kichwani.

"Bi Sungura, mimi na wewe tuongee kama watu wazima. Kitanda changu kule bondeni kinanila debe kila mwezi. Mimi mtoza kodi, na mimi nilipe kodi? Ni haki hiyo?"

"Sasa?"

"Sasa chumba chako kina nafasi. Ukinikaribisha, sijaona kitu. Usiponikaribisha, Simba atataka kujua ni nani huyu anayefuka moshi kwenye ardhi yake bila kulala hapo. Unamjua alivyo, hapendi kuchezewa akili."

Kitanda cha Fisi kikaingia. Na kwa kuwa mtu hawezi kulala na njaa, Fisi akawa anakula kwanza. Alikula mchuzi, akala nyama, akala mifupa, akaramba chungu, na siku moja akala mwiko, akidai alidhani ni mfupa. Sungura alibaki na ukoko. Aliketi akaupima mwezi ule, akaona kilichoingia tumbo la Fisi kilipita kodi ya Simba na ya Tembo kwa pamoja.

Mwingine angebomoa nyumba siku ile ile. Lakini aliyebuni jambo kwa akili zake hakiri upesi kwamba limemgeuka. Sungura akajiambia kwamba ile si kodi, ni ukarimu. Maneno hayo alijifunza chuoni pia.

Kisha bwawa walilochotea wote, wa bondeni na wa mlimani, likakauka. Simba akafungua kisima chake, Tembo akachimba kwa pembe zake kwenye mchanga wa mto mpaka maji yakatoka, na kila mmoja akatangaza kwamba maji ni ya watu wake. Kwa siku mbili Sungura alilamba umande kwenye majani. Siku ya tatu hapakuwa na umande. Ulimi umekuwa kama kipande cha gunia, akachukua kibuyu, akateremka bondeni.

Penye kisima alisimama Fisi, tumbo mbele.

"Kitanda chako kiko wapi, Bi Sungura?" aliuliza kwa sauti ya ofisini, kama hajawahi kumwona.

"Bwana Fisi! Jana umekula kwangu!"

"Nimekuuliza kitanda. Hapa hatuhesabu majiko."

Simba alikuwa amelala kando ya kisima, manyoya ya shingo yamechanwa. Sungura akamsogelea, akapiga goti.

"Shikamoo, mfalme."

"Marahaba."

"Naomba umuulize huyu mlinzi wako, chake yeye kiko wapi."

Simba akageuza kichwa polepole. Fisi akacheka, maana Fisi akiogopa hucheka. Simba akaenda mwenyewe mpaka mpakani, watu wote nyuma yake, akachungulia chumba cha Sungura. Vitanda viwili. Kimoja kimebonyea katikati na kina vipande vya mifupa mchagoni.

"Kumbe wewe ni mtu wa Tembo," Simba alimwambia Fisi. "Basi usionekane kisimani kwangu."

"Mfalme, ni shetani tu, mimi..."

Simba akanguruma. Fisi akaondoka na kitanda chake kichwani, mkia katikati ya miguu, na njia nzima hakuna aliyempa hata tone.

Sungura akakung'uta kibuyu, akakisogeza mbele kwa adabu. Alidhani sasa atapewa maji, na pengine na kazi ya Fisi.

"Na wewe?" alisema Simba. "Vitanda vilikuwa viwili."

Sungura akapanda mlimani. Foleni ilikuwa ndefu, kila chungu na watu wake, na mbele alisimama Nyani.

"Jiko, dada?"

"Kitanda changu kiko kwenu. Siku zote nimelala kwenu."

"Hapa hatuhesabu vitanda."

"Nitahamisha mafiga leo hii!"

"Hamisha. Jiko jipya linaanza kuchota msimu ujao. Hawa wamelipia uchimbaji, wewe ulikuwa nchi za nje."

Watu wakacheka. Sungura alitaka kucheka nao, maana neno lilikuwa lake na lilikuwa zuri, ila kibuyu bado kilikuwa kitupu. Akaketi mavumbini. Alikuwa ametumia akili zake zote ili asihesabiwe popote, na kazi hiyo aliifanya vizuri mno.

"Shoga," sauti ikasema juu yake. Alikuwa Kanga, na vifaranga wake wamejaa njia. "Ile njia yako umeipata?"

"Nimeipata, Bi Kanga."

"Inaelekea wapi?"

"Hapa nilipokaa."

"Kwangu chungu ni kimoja. Debe la mwezi ujao tunatoa wote. Mama mkwe akisema chumvi imetosha, imetosha. Na chuoni kwenu usitutajie."

"Sitataja."

"Basi inuka. Kunja hiyo miguu, usikanyage watoto."

Walipofika mbele, Nyani alianza kuhesabu midomo ya chungu cha Kanga ili apime maji. Akahesabu vifaranga, akapotea, akaanza upya, kisha akamwona Sungura katikati yao.

"Na huyu?"

"Wa kwetu," alisema Kanga. "Usimsikilize akiongea. Hesabu tu."

Na Sungura, ambaye mwaka mzima alikuwa akijificha asihesabiwe, alinyoosha shingo juu ya vifaranga na kuinua masikio yote mawili, asije akarukwa.