Taa Nyekundu na Mfuko wa Gaudensia

Mtu mmoja alikuwa na duka kubwa pale barabara mbili zinapokutana, duka la kuuza kila kitu, kuanzia sindano hadi godoro. Jina lake Mwakyoma. Alianza na meza moja ya chumvi na viberiti, akaikuza biashara yake kwa miaka ishirini na saba, mpaka duka likawa na kaunta kumi za malipo, kila kaunta na keshia wake, na nyuma stoo ndefu kama jengo la shule.

Katika stoo ile walikuwamo wanaume wawili ambao kazi yao ilikuwa kuhamisha magunia. Kila wiki waliyatoa ya nyuma wakayaleta mbele, wakafagia chini, wakayapanga upya. Siku moja Mwakyoma alisimama akawatazama tangu asubuhi. Akaona kwamba magunia ya jioni yalikuwa ni yaleyale ya asubuhi, ila yamebadilishana mahali. Akasema hiyo si kazi. Akawapa haki zao, akawaaga kwa heshima, wakaenda. Mahali pao akaweka kompyuta iliyojua kilichoingia na kilichotoka.

Tangu hapo bidhaa zikaanza kupungua. Nawaambia mapema ili msihangaike kumtafuta mwizi: walikuwa panya. Walizaa nyuma ya marundo ambayo hakuna tena aliyeyagusa, wakala unga, wakala mchele, wakala na sabuni, maana panya hula sabuni. Lakini kompyuta haikuwa na mahali pa kuandika panya. Iliandika tu: pungufu. Na kila Mwakyoma aliposoma neno lile, aliona mkono wa mtu.

Raha ikamtoka. Akawa anapita katikati ya rafu, anagusa hiki, anasogeza kile, kisha anageuka ghafla kama mtu aliyeitwa. Chakula cha mchana akakila amesimama, kwenye dirisha la ofisi yake ya juu, ambapo aliweza kuziona kaunta zote kumi. Zamani alikuwa akiuliza habari za nyumbani na kusubiri jibu. Sasa aliuliza akiwa ameshapita.

Ndipo akaja muuza mashine kutoka mjini. Akamweleza kwamba mali huvuja kupitia mikono, na penye makeshia kumi pana mianya kumi. Akamwonyesha mashine za kujilipia. Mteja mwenyewe anapitisha bidhaa zake, anaziweka kwenye sahani ya mizani, analipa, anachukua risiti, anaondoka. Uzito usipolingana na bidhaa zilizopitishwa, taa ya juu inawaka nyekundu na kijilango cha kutokea kinajifunga. Mashine sita zilihitaji mtu mmoja tu wa kusimama karibu nazo.

Mwakyoma alimchagua Atupele, kwa sababu katika miaka kumi na mmoja hakuwahi kuchelewa. Alimwita juu akamweleza kwamba miongoni mwa wale tisa wengine yumo mwizi, kwamba yeye hana muda wa kumtafuta, na kwa hiyo wataondoka wote.

Atupele aliwafahamu wote tisa. Zaidi ya wote alimfahamu Gaudensia, aliyekaa kaunta ya pili yake miaka yote ile, mwanamke aliyemzidi umri kidogo, ambaye alimwita dada. Aliwahi kumwona Gaudensia akimkimbilia mteja mpaka kituo cha pikipiki kumrudishia chenji aliyoisahau. Alimwona mara nyingi akiwanong'oneza jumla wazee wasioweza kusoma bei, kabla hawajaaibika mbele ya foleni. Neno la kusema alikuwa nalo mdomoni. Lakini alikuwa na watoto watatu na ada ya muhula, na mumewe, Yona, alikuwa fundi wa paa, na mvua zilikuwa zimeanza. Akanyamaza. Akashukuru, akashuka ngazi.

Basi akaanza kazi mpya. Hakukuwa na kiti, kwa sababu aliyekaa haoni vizuri. Alisimama katikati ya mashine sita, akizunguka tangu duka lifunguliwe mpaka lifungwe. Taa ilipowaka, kanuni ilikuwa moja: fungua mfuko, toa kitu kimoja kimoja mbele ya watu, linganisha na risiti. Na taa iliwaka kwa mambo mengi. Mtoto akiegemea sahani, iliwaka. Mama akiweka pochi yake hapo, iliwaka. Kitu kikiwa chepesi kuliko mashine ilivyofundishwa, iliwaka. Atupele hakuambiwa aulize kwa nini. Aliambiwa aangalie.

Waliopanga rafu nao walipunguzwa. Watu walimjia kumuuliza sukari iko wapi, naye alitazama kwenye skrini akajibu kwamba ipo, huku yeye na mteja wote wawili wakiiona rafu tupu. Wengine waliondoka bila kununua. Wengine walibaki wakimtazama, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Kazi ile ikamfuata nyumbani. Alikuwa anapakua mboga huku macho yakiwa kwenye mikono ya watoto. Yona akiingia, alitazama mifuko ya koti lake kabla hajamjibu salamu. Usingizini miguu yake ilitembea. Siku moja aliingia jikoni, na bintiye wa pili, Sekela, aliyekuwa anakoroga uji, akaficha mikono yote miwili mgongoni. Hakuwa ameshika kitu. Atupele aliiona ile mikono mitupu, akatoka nje, akasimama uani muda mrefu bila kujua anachokisubiri.

Ikaja Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi. Duka lilijaa. Gaudensia akaingia. Tangu aondolewe alikuwa anakaanga maandazi karibu na shule, akafanikiwa kiasi, na siku ile alikuja kununua unga mfuko mmoja wa kilo kumi, mafuta, hamira na iliki. Hakwenda mashine ya mbali ili kukwepa, wala hakumjia Atupele kwa maneno. Walisalimiana kwa kichwa. Alipitisha bidhaa zake kwa ustadi wa mtu aliyezipitisha miaka kumi na mmoja, akalipa, akachukua risiti, akaweka vyote kwenye kapu lake la plastiki juu ya sahani ya mizani.

Taa ikawaka nyekundu. Kijilango kikajifunga.

Foleni ikageuka kutazama. Mlinzi akasogea. Atupele aliinua macho akamwona Mwakyoma dirishani, amesimama na sahani yake ya chakula mkononi. Nataka mlifikirie hilo. Hakuna aliyemwambia kitu. Hakuna aliyemsukuma. Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja, na safari hii mbele ya mashahidi.

Akafungua kapu.

Alitoa mafuta, akalinganisha. Akatoa hamira, akalinganisha. Akatoa iliki. Gaudensia mwenyewe alimsaidia kuinua mfuko wa unga, maana ulikuwa mzito kwa mtu aliyeinama. Kila kitu kilikuwa kwenye risiti. Hakikuzidi kitu. Atupele akasema taratibu kwamba samahani, ni taa.

Gaudensia alirudisha vitu vyake kapuni, kimoja kimoja, bila haraka. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei:

"Taa hainijui, Atupele. Wewe je?"

Hakungoja jibu. Akaondoka.

Atupele akabaki pale na mikono yake myeupe. Ilimchukua muda kuona kwamba ni unga. Mfuko ulikuwa na tundu chini, dogo, lenye kingo zilizotafunwa, na unga uliokuwa umeshamwagika kabla mfuko haujafika kwenye rafu ndio uliokosekana kwenye mizani. Akaiacha taa ya mashine nyingine ikiwaka. Akaenda stoo, mahali ambapo hakuwa na ruhusa ya kuingia, akayavuta magunia ya mbele, kisha ya pili yake. Nyuma ya safu ya nne akavikuta viota, na unga uliochanganyika na kinyesi, na vipande vya sabuni vilivyomung'unywa, na panya ambao hawakukimbia, kwa sababu hawakuwa wamemwona mtu siku nyingi.

Alipanda ofisini hivyohivyo alivyokuwa. Mwakyoma alishuka naye, akaona kwa macho yake, akatikisa kichwa. Alikuwa muungwana, alimshukuru mbele ya mlinzi, na mwezi uliofuata akamwongezea kidogo kwenye mshahara. Ikaletwa sumu, ikaletwa mitego, vibarua wakafagia stoo siku tatu. Pungufu ikakoma.

Atupele alingoja kusikia habari za wale tisa. Wiki ikapita, na nyingine. Akaenda kuuliza. Mwakyoma akamjibu kwa upole kwamba ni kweli hawakuwa wezi, na kwamba Mungu anajua hakuwasingizia kwa chuki, lakini mashine zilikuwa zimeshanunuliwa. Wakati anaongea hakumtazama usoni. Alikuwa anatazama mikono ya Atupele, kwa mazoea tu. Atupele akajikuta naye anatazama mikono ya Mwakyoma.

Jumapili alikwenda kwa Gaudensia. Alimkuta anaosha karai. Hakuzungukazunguka. Alimwambia kwamba alimfahamu siku ile ya taa, na kwamba alimfahamu pia siku ile ya ofisini, alipoambiwa kuwa miongoni mwa tisa yumo mwizi naye akanyamaza. Hilo la pili Gaudensia hakuwa amelijua. Aliacha kuosha. Maji yakachuruzika kutoka kwenye karai.

Hatimaye akamletea kigoda na chai. Akasema kwamba la taa alikuwa ameshalisamehe kabla hajafika barabarani siku ile. La ofisini alikuwa amelisikia sasa hivi, na hawezi kusema uongo kwamba ameshalimaliza. Akamwambia anywe chai kwanza. Atupele alijaribu kukaa. Akainuka. Akakaa tena. Akainywa ile chai akiwa amesimama, na Gaudensia hakumlazimisha.

Jumatatu akarudi kazini, kwa sababu ada ilikuwa bado haijalipwa na mvua zilikuwa bado zinanyesha. Kabla ya saa nne taa ikawaka juu ya mzee mmoja aliyezoea kununua majani ya chai na betri za redio. Atupele hakuufungua mfuko. Akaizima taa, akafungua kijilango, akasema, "Nenda salama, baba." Mchana akafanya hivyo kwa mwalimu wa shule ya msingi. Jioni akafanya hivyo kwa mwanamke mjamzito aliyekuwa jirani yake.

Mwakyoma akamwita juu. Hakuwa na hasira. Alionekana amechoka, kama mtu ambaye mwizi wake amekufa na hajui alinde nini tena. Akamuuliza kwa nini anapitisha watu bila kuwapekua. Atupele akajibu kwamba anawafahamu.

Mwakyoma akafikiri. Kisha akauliza, "Na usiyemfahamu?"

 Atupele alishuka ngazi na swali lile, akasimama nalo katikati ya mashine zake. Kijana mmoja mgeni, mwenye vumbi la safari, alikuwa mashine ya tatu. Taa ikawaka. Mlinzi akasogea, foleni ikageuka kutazama, na juu dirishani mtu alisimama. Mikono ya Atupele ilikwenda yenyewe kuelekea kwenye begi, kama ilivyozoeshwa, ikafika karibu, ikasimama. Akamuuliza yule mgeni jina lake nani na ametoka wapi. Kijana akamjibu. Akauliza safari ilikuwaje. Akajibu. Foleni ikaanza kunung'unika, na taa bado ilikuwa inawaka, na Atupele bado alikuwa anauliza.

Kama alikuja kulifungua lile begi, sikuambiwa, na sitaongeza langu. Najua tu kwamba alifukuzwa miezi miwili baadaye kwa kuchelewesha watu, na kwamba siku aliyofukuzwa walikuwapo wateja waliomuaga kwa jina, naye akawajibu kwa majina yao.

Nanyi mnaokaa kwenye milango ya nyumba na ya kazi na ya ibada, nawauliza: mtu usiyemfahamu akisimama mbele yako, unaanza naye wapi, usoni au mfukoni?