Simu Iliyokwenda Kigoma

Tajiri Sekiteke alichoshwa na mazingaombwe ya vitambaa. Akasimama katikati ya harusi, akamkabidhi Mshamu, mfanya mazingaombwe, simu yake mpya.

"Igeuze hii! Ukishindwa, utaosha masufuria yote ya pilau."

Kuficha vitu Mshamu alijua. Kugeuza hakujua hata kidogo.

"Igeuke nini, tajiri?"

"Chochote!"

Mshamu akaifunika simu kwa leso, akapuliza, akajikuna chini ya kofia. Leso ikabaki tupu.

"Iko wapi?"

"Kigoma. Itarudi ikisikia neno lake la siri kinywani mwa mwenyewe."

Sekiteke akainama amnong'oneze.

"Paza sauti, tajiri. Kigoma ni mbali."

Mkewe, Mama Zubeda, akaweka soda chini. "Litaje, Baba Zubeda. Hata mimi mwaka wa tisa huu nalitafuta, tangu simu yako ya kwanza."

Jasho likamtiririka Sekiteke. "Kwani nani kasema simu ni yangu?"

"Kumbe ya nani?" akauliza mkewe.

"Ya huyu huyu Mshamu! Mimi nilimshikia tu."

Ukumbi mzima ukasikia. Mshamu akavua kofia, akaitoa simu utosini, akaitia mfukoni.

"Ahsante, tajiri. Ulisema igeuke chochote. Imegeuka yangu."