Kesho ya Mzee Ndewirwa

"Toa wosia ulimi ungali mwepesi." Mmeisikia leo kwa jirani, na mmekuja mbio kuniuliza nani aliisema kwanza. Haya, kaeni, lakini mikono isilale, hizo ndizi hazijimenyi zenyewe. Methali hii ilianza hivi.

Juu kule mlimani, ukungu unakoshuka asubuhi hadi usiuone mlango wa mwenzio, aliishi Mzee Ndewirwa. Alikuwa na kihamba, shamba la ukoo la migomba na kahawa, na mfereji wa maji ulipita katikati yake ukinong'ona mchana kutwa. Wanawe wawili wa kiume walikuwa mijini. Aliyebaki naye ni Aikande, binti yake aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kumshinda. Yeye ndiye aliyepalilia, akavuna, akampikia.

"Sehemu ya juu ya mfereji ni yako, mwanangu," mzee alimwambia mara nyingi.

Lakini kwetu neno la jikoni si wosia. Baba humpa mtoto ardhi kwa kupanda masale, ile mimea ya mpakani, mbele ya wazee wa ukoo, huku akitamka jina la anayepewa. Ndewirwa aliogopa. Aliona kufanya hivyo ni kujichimbia kaburi. Aikande akimkumbusha, hujibu, "Kesho." Mwaka ukaisha, mwingine ukaja, naye ni kesho tu.

Asubuhi moja akiwa anakunywa uji, bakuli likamponyoka. Upande mmoja wa mwili ukafa, ulimi nao ukafungwa. Akawa analala akiutazama ukungu ukiingia dirishani na kutoka, kama mtu anayeota macho wazi. Aikande alimgeuza, akamwogesha, akamlisha.

Wanawe wakaja, wakauliza shamba ni la nani. Ndipo wazee wakaitwa. Msemaji wao, Mzee Lyatuu, akaweka miche ya masale kifuani pa mgonjwa.

"Ndugu yetu," alisema taratibu, "sehemu ya juu umempa nani? Tamka jina tu, na leo hii tunapanda."

Mzee akamtazama binti yake. Midomo ikatetemeka, machozi yakamtoka. Katika kinywa kile lilikuwa limebaki neno moja.

"Kesho," alisema.

"Baba, sema Aikande," binti alimsihi.

"Kesho. Kesho."

Wazee wakadhani anawaambia wasubiri. Wakarudi siku ya pili, wakajibiwa vilevile. Wakarudi tena na tena, wakija ndani ya ukungu na kuondoka ndani ya ukungu, hadi walipokuta amefumba macho.

"Tunajua alichotaka," Mzee Lyatuu alimwambia Aikande, "lakini hatuwezi kupanda jina ambalo hakulitamka."

Kaka zake wakagawana kihamba chote.

Aikande huyo ndiye mama yangu. Alishuka na mzigo wake kichwani hadi huku tambarare, ndiyo maana nyinyi mmezaliwa kwenye vumbi na maji mnayafuata kwa punda. Yeye alimsamehe baba yake. Mimi bado, na msinitazame hivyo.

Alipopata kashamba kake hapa, akiwa bado na nguvu za kushika jembe, alituita wanawe wote, wa kike kwa wa kiume. Akampandia kila mmoja masale yake mbele ya majirani, akitutaja majina kwa sauti. Sisi tukalia, tukamwambia anajitabiria kifo. Mama akafuta udongo mikononi, akatucheka.

"Toa wosia," alisema, "ulimi ungali mwepesi."