Chaki ya Mlangoni

Chaki ya mlangoni haichanji mtoto. Ndiyo methali mliyoisikia jana kwenye kikao cha harusi, pale mwenyekiti wa kamati alipotangaza kwamba suala la maji limekwisha, kwani mapipa yamekwisha kupangwa uani. Shangazi yenu akauliza kama mapipa hayo yana maji, kisha akaitupa methali yake, nanyi mkacheka bila kujua mnachokicheka. Sasa mmekuja kuniuliza imetoka wapi. Kaeni basi, na mikono yenu isikae bure, mchele huu una mawe. Methali hii ilianza hivi, na haikuanza kwa kicheko.

Palikuwa na mji mdogo kando ya reli, ukiitwa Mkindu, na katika mji huo palikuwa na klabu ya watu wa kujitolea. Wenyewe waliiita Mkono kwa Mkono. Walifagia soko, walipaka rangi wodi ya wazazi, walichimba choo cha shule, na walipofanya kazi walivaa fulana za njano zilizoonekana tangu ng'ambo ya stesheni. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Sesilia, mwalimu mstaafu, mwanamke mwenye mwili na sauti, ambaye hakuwahi kuanza jambo akaliacha njiani. Watu walimpenda na kumwogopa kwa kipimo kilekile. Nyumbani aliishi na mjukuu wake, Kanuti, mtoto wa miaka miwili, ambaye mama yake alikuwa masomoni mjini.

Mwaka mmoja serikali ikatangaza kampeni ya chanjo ya surua. Wauguzi walikuwa wachache, nao walikaa vituoni, sokoni na shuleni, na sindano zao. Kazi ya kupita nyumba kwa nyumba wakapewa Mkono kwa Mkono. Utaratibu ulikuwa huu: mtoto akichanjwa, anapakwa wino kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Mjumbe wa klabu anapopita nyumbani anatazama vidole, na akiona watoto wote wa nyumba hiyo wana wino, anaweka alama ya vema mlangoni kwa chaki. Wenzake wakiiona alama hawabishi hodi, wanakwenda nyumba inayofuata.

Siku ya uzinduzi alikuja mgeni rasmi kutoka wilayani, na ikaamuliwa kwamba mlango wa kwanza kuwekwa alama uwe wa mwenyekiti, ili watu wapate mfano. Muuguzi aliyeazimwa kutoka mkoani kwa siku hiyo akaja na kisanduku chake cha barafu. Mpiga picha naye akaja. Kasoro ilikuwa moja tu: Kanuti alikuwa amelala. Alikuwa amesumbua usiku kucha kwa mafua, na ndiyo kwanza usingizi ulikuwa umemchukua.

"Tumwamshe?" muuguzi aliuliza.

Mama Sesilia alitazama viti vilivyojaa, akamtazama mgeni rasmi aliyekuwa anaangalia saa yake. Aliona jinsi mtoto angelia na hotuba ikavurugika.

"Mwache alale," alisema. "Nitamleta kituoni jioni. Weka alama tu, mheshimiwa, picha ipigwe."

Mgeni rasmi akaweka alama, kubwa na nyeupe, na watu, wakidhani mtoto amekwisha kuchanjwa ndani, wakapiga makofi. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini siku hiyo hapakuwa na mtu wa kumkumbusha. Wala msidhani alidanganya kwa makusudi. Aliposema jioni, alimaanisha jioni.

Jioni ilipofika, alikuwa bado upande wa pili wa reli na kipaza sauti mkononi, akiwahimiza wengine. Kesho yake ikawa vilevile. Wajumbe wake walipita mtaani kwake, wakaiona alama mlangoni, wakapita. Nani angethubutu kukagua kidole cha mjukuu wa mwenyekiti?

Siku hiyo ya pili ndipo alipogombana na Mwanamvua. Huyu alikuwa mama kijana aliyeuza vitumbua karibu na stesheni. Alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka minne na kitoto kichanga cha kike ambacho umri wake wa sindano ulikuwa bado. Wajumbe walikwenda kwake mara mbili wakaambiwa mtoto yuko kwa bibi yake, na mara ya tatu wakamwona anachungulia nyuma ya pazia. Mama Sesilia alisimama barabarani, akainua kipaza sauti, akasema mtaa mzima usikie:

"Mama mzima, una akili zako, unamficha mtoto kama gongo. Nyumba yangu ndiyo ya kwanza kuwekwa alama mjini hapa. Wewe ni nani hata ukatae?"

Watu walicheka.  Mwanamvua alikuwa anaogopa sindano tangu utoto wake, basi, hilo tu, lakini hakuna aliyemuuliza. Alifuta mikono kwa khanga akaingia ndani.

Siku ya mwisho Mama Sesilia alimfunga Kanuti mgongoni, akaenda naye kituo cha sokoni. Alipofika alikuta foleni ndefu ya kina mama, na karibu wote walikuwa wale aliowasema kwa siku mbili zile. Mwanamvua alikuwemo, amemshika mtoto wake wa kiume mkono. Walimwamkia vizuri, wakamsogelea wamwone mjukuu. Hapo ndipo alipoukumbuka mkono wa Kanuti, kidole kidogo kisicho na wino hata chembe. Akaona watakavyotazamana. Akasikia masikioni mwake mwenyewe maneno aliyoyasema barabarani. Uso ukamwaka.

Aliuvuta mkono wa mtoto, akauingiza ndani ya khanga, akasema amepita tu kuona kazi inavyokwenda. Njiani akajipa moyo kwamba zahanati haiendi popote, atampeleka Jumatatu, kimyakimya. Jumatatu kulikuwa na mkutano wa klabu. Wiki iliyofuata kulikuwa na msiba. Mnajua jambo la aibu linavyoahirishwa: kila ukilisogeza mbele linakuwa zito zaidi, mpaka unaanza kuzoea kutolitazama.

Miezi ikapita, kisha surua ikaingia Mkindu kwa njia ya reli, na Kanuti akawa miongoni mwa wa kwanza kuipata. Homa ilimchoma, vipele vikamjaa, macho yakagandana kwa tongo. Walilala hospitali ya wilaya muda mrefu. Mama Sesilia alikesha amemkumbatia, na kila muuguzi alipomuuliza kama mtoto amechanjwa, alisema, "Hapana," kwa sauti ndogo, akigeukia ukutani. Kule hakuna aliyemjua. Mungu akamnusuru mtoto, lakini jicho la kulia likabaki na ukungu mweupe, na daktari akasema halitaona tena.

Aliporudi Mkindu, watu wakaja kumpa pole. Walikuja wengi, kwa maana alikuwa amewatendea mema wengi. Kila aliyeingia aliiona ile alama mlangoni, imefifia lakini ipo, kisha akamwona mtoto na jicho lake, akatikisa kichwa.

"Na chanjo alipata," walisema. "Tena wa kwanza mji mzima."

Mama Sesilia aliinama akamimina chai. Hakusema ndiyo, hakusema siyo. Akili yake ilimwambia kwamba kunyamaza si kusema uongo. Moyo wake haukukubali, lakini aliunyamazisha.

Maneno yakaanza kutembea. Ikiwa mjukuu wa mwenyekiti amechanjwa na bado amepofuka, basi sindano zile ni maji matupu. Wajumbe wa klabu walipopita kuwakumbusha wenye watoto wachanga waliofikisha miezi tisa, milango ilifungwa mbele yao. Kwenye mkutano wa klabu muuguzi wa zahanati alieleza kwamba chupa za chanjo zimekaa kwenye jokofu, kina mama hawaji, na surua imekwisha kuvuka reli. Wajumbe walimgeukia mwenyekiti awape njia. Mama Sesilia alitazama meza. Katika chumba kile yeye peke yake alijua kwamba dawa ilikuwa inasingiziwa, na aliyeisingizia ni yeye kwa kimya chake.

"Nitakwenda mwenyewe," alisema. "Nitaanza na Mwanamvua."

Alimkuta Mwanamvua mbele ya kikaango, kitoto chake cha kike kimefungwa mgongoni. Miezi tisa ilikuwa imekwisha kumpita. Mwanamvua alimwamkia kwa adabu, akampa kigoda.

"Mtoto amefikia sindano, mwanangu," Mama Sesilia alisema.

"Amefikia, mama. Ila simpeleki."

"Kwa nini?"

Mwanamvua aligeuza kitumbua, akangoja kiive upande wa pili.

"Safari hii si woga, mama, wala si ubishi," alisema. "Nyumba hiyo ya tatu watoto wawili wamelala na surua. Nasikia wanavyokohoa. Nakaa usiku nikimwangalia huyu, najiuliza nifanye nini. Halafu namkumbuka Kanuti. Ikiwa dawa imeshindwa kwako wewe mwenyekiti, itaniokolea mimi nini?"

Mama Sesilia alikuwa na jibu tayari. Angeweza kusema kwamba hata aliyechanjwa huweza kuugua mara mojamoja, na lisingekuwa uongo. Maneno yalikwisha kufika mdomoni. Lakini kitoto kile mgongoni kilimtazama kwa macho yake yote mawili, safi, maangavu, yasiyo na ukungu wowote, naye akashindwa kuyatamka.

"Kanuti hakuchanjwa," alisema.

Mwanamvua aliacha kugeuza.

"Alama iko mlangoni kwako. Sote tumeiona."

"Alama iliwekwa. Mtoto alikuwa amelala. Nikasema nitampeleka jioni, sikumpeleka. Siku ya mwisho nilikuja naye sokoni, nikawaona nyinyi kwenye foleni. Niliona haya, nikaficha mkono wake."

Kitumbua kiliungua, na wote wawili hawakukigusa. Mama Sesilia alingoja matusi. Angeyapokea kwa shukrani, kwa kuwa matusi humpa mtu nafasi ya kujitetea. Mwanamvua hakutukana. Alisema polepole, kama anayejisemea mwenyewe:

"Kumbe. Kumbe chaki ya mlangoni haichanji mtoto."

Kisha akamtazama usoni.

"Siku ile ulinisema kwenye kipaza sauti."

"Nilikusema."

"Basi na hili kaliseme kwenye kipaza sauti. Ukinong'ona hapa, nitasikia mimi peke yangu, na wale wa nyumba ya tatu hawatasikia. Ukilisema, nitampeleka huyu."

Mama Sesilia alitoka pale akakutana na makamu wake, akamweleza. Makamu alimsihi asifanye hivyo. Alisema hayo ni ya kumaliza ndani, kwamba fulana za njano zitachekwa mpaka wilayani. Aliyasema kwa nia njema, nami simlaumu. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo kilikuwa kinawatafuta watoto wa watu wengine.

Siku ya gulio, soko likiwa limejaa, alisimama juu ya jiwe la wauza samaki na kipaza sauti mkononi.  Alianza mara mbili akasita. Mara ya tatu akasema yote: usingizi wa mtoto, picha, alama, foleni, mkono ndani ya khanga, chai aliyowamiminia huku wakimpa pole. Alimtaja Mwanamvua kwa jina, akamwomba radhi. "Dawa haikushindwa kwangu," alisema. "Haikufika kwangu. Niliogopa mtajua, na mjukuu wangu amelipa kwa jicho."

Mwanamume mmoja alianza kucheka, akaona yuko peke yake, akaacha. Soko zima lilinyamaza. Mama Sesilia baadaye alisema kimya kile kilimtia aibu kuliko kicheko chochote, kwa sababu kilikuwa cha watu waliomheshimu, na sasa walikuwa wanatafuta mahali pa kuweka macho yao.

Wa kwanza kusogea alikuwa Mwanamvua. Alipakua vitumbua vilivyoiva, akamwachia jirani kikaango, akashika njia ya zahanati. Nyuma yake wakaenda wawili, kisha watano. Si wote waliokwenda, nisiwadanganye. Lakini kitoto cha Mwanamvua kilichanjwa siku hiyo, na surua ilipopita nyumba ya nne na ya tano, kwake haikuingia.

Mama Sesilia alijiuzulu uenyekiti, ingawa hakuiacha klabu. Aliendelea kufagia soko na wenzake. Methali ilimtangulia kila alikokwenda. Fundi akisema nguo iko tayari kumbe ameikata tu, mteja alimwambia chaki ya mlangoni haichanji mtoto, na kama Mama Sesilia alikuwa karibu, mteja alishtuka na kujiuma ulimi. Yeye alimjibu, "Maliza tu, mwanangu. Ni kweli." Lakini uso wake uliwaka kila mara. Haukuzoea.

Miaka kadhaa baadaye kukawa na kampeni nyingine. Mjumbe mpya, kijana wa kike asiyejua habari za zamani, alifika mlangoni kwa Mama Sesilia na chaki mkononi. Alimwona mwalimu mzee, mtu wa klabu, mwenye fulana ya njano kama yake. Akamwamkia, akatabasamu, akainua mkono aweke alama.

"Kwako mwalimu sina haja ya kuingia," alisema.

Mama Sesilia aliushika ule mkono kabla haujagusa ubao. Akamwita mjukuu wake. Kanuti akatoka ndani, kijana mwembamba wa shule ya msingi, akageuza shingo ili amwone mgeni kwa jicho lililobaki, akanyoosha kidole chake kidogo chenye wino kama alivyofundishwa. Msichana akalitazama lile jicho jingine, na tabasamu likamtoka.

"Tazama kidole kwanza, binti yangu," Mama Sesilia alisema. "Chaki ya mlangoni haichanji mtoto."