Kwa Nini Mwanzi Huchanua Mara Moja

Hapo kale, mwanzi ulikuwa haujui kufa. Najua ninyi vijana wa kipaimara mkiambiwa neno kama hili mnatazamana na kucheka. Chekeni. Hata mimi nilicheka nilipoambiwa na bibi yangu, akanikazia macho mpaka kicheko kikaniishia. Mti ulikufa, ng'ombe alikufa, mtawala mwenye wake kumi naye alikufa, lakini mwanzi haukufa. Ulikatwa leo, baada ya siku chache umechipua mahali pale pale. Na haukuwa na ua. Hakuna mtu aliyewahi kuona ua la mwanzi, wala aliyesikia kwa mwenzake kwamba limeonekana.

Siku hizo Itunda hii yetu na Lugombe ile ya ng'ambo ya mto Mbwasa zilikuwa zimepigana mpaka zikachoka. Ugomvi ulikuwa wa malisho. Malisho yenyewe mnayaona, hayawatoshi hata mbuzi wa mtu mmoja, lakini wanaume walikufa kwa ajili yake miaka sita mizima. Mwishowe watawala wawili, Mwaisumo wa huku na Mwakyoma wa kule, wakakutana mtoni, wakaapa kwa kitu pekee walichokijua kuwa hakina mwisho. Walisema amani itakuwapo maadamu mwanzi ni mbichi. Kila mwaka, mvua za kwanza zinapoanza, kila upande ulete mwanzi mmoja wa kijani, yote miwili ilazwe juu ya jiwe lililo katikati ya mto. Upande utakaoleta mkavu, au utakaokuja bila kitu, umekivunja kiapo.

Na ili kiapo kisiwe maneno tu, Itunda ilitoa binti. Jina lake Tumpe, akaolewa na mtoto wa Mwakyoma. Amani ikivunjika, Tumpe ndiye angekuwa wa kwanza kuuawa. Hayo ndiyo yalikuwa masharti, na wanaume waliyakubali huku wakipeana ugoro. Mama yake aliitwa Subilaga, mjane ambaye vita vilikuwa vimemnyang'anya mume na wana wawili, akabaki na huyo mmoja. Yeye hakuulizwa.

Miaka michache baadaye akaja mwinjilisti kwa miguu, mtu mwembamba mwenye sauti kubwa, akiitwa Ambilikile. Aliwaeleza habari za Mungu aliyekuwapo kabla ya kitu chochote kuwapo, atakayekuwapo vitu vyote vitakapokwisha, asiyeomba ruhusa kwa mtu, naye alimtoa Mwanawe afe na kufufuka kwa ajili ya watu wote, wa Itunda na wa Lugombe wakiwamo. Watu walimsikiliza vizuri, ila walikwama mahali pamoja. Walimuuliza huyo Mungu ana umri gani, akajibu hana. Wakamuuliza alianza lini, akajibu hakuanza. Wakatikisa vichwa, wakamwambia arudi kesho.

Alirudi kesho, na keshokutwa, na siku iliyofuata. Siku ya nne alikuwa hoi. Akanyoosha kidole kuelekea msituni akasema, "Mungu ninayemhubiri ni kama mwanzi huo." Simlaumu sana, maana kila mwalimu hufika mahali akatafuta njia ya mkato, hata mimi nimefanya hivyo nikiwafundisha ninyi. Lakini hapo ndipo alipokosea, na kosa lake lilipokelewa kwa vigelegele. Watu walisema kumbe ndiye huyo, mbona tunamjua. Kabla mwaka haujaisha, pande zote mbili zilikuwa zimebatizwa.

Kanisa la kwanza hapa Itunda halikujengwa, lilipandwa. Walichimba miche ya mianzi, wakaipanda kwa mistari minne, na ilipokua wakazifunga ncha zake pamoja juu zikawa paa. Walitaka Mungu asiyekufa akae katika nyumba isiyokufa. Lugombe nao wakapanda la kwao. Polepole watu wakaanza kuugusa ukuta wakiingia na kuuinamia kidogo, kama mtu anavyomsalimu baba mkwe. Mama mwenye mtoto mgonjwa alikuja kuikumbatia nguzo. Ambilikile aliyaona hayo yote akanyamaza, kwa sababu kanisa lilikuwa linajaa.

Kisha mwanzi ukachanua.

Ilikuwa asubuhi ya Jumapili, katika miezi ya baridi. Watu walipanda kwenda ibadani wakakuta kuta za kanisa zimejaa vishada vidogo vilivyoning'iniza nyuzi za njano. Wakageuka kuutazama msitu, nao ulikuwa umechanua wote, kutoka bondeni mpaka kileleni. Wazee waliokuwa wameuona mwanzi tangu utoto wao walisimama midomo wazi. Kisha mtu mmoja akaanzisha wimbo, wengine wakadakia, wakaimba mpaka jua likawa utosini. Ambilikile alihubiri siku hiyo kwamba Mungu amewavalia nguo mpya.

Mwezi ulipopinduka, majani yakaanza kudondoka. Mashina yakageuka manjano, halafu kijivu. Mtu alishika shina aliegemee, likakatika. Walikwenda na majembe kufukua mizizi waone kama kuna chipukizi, wakakuta mizizi imeoza. Walifukua hapa, wakafukua pale, wakapanda mpaka kileleni, na kote ilikuwa hivyo hivyo. Paa la kanisa likaanguka siku isiyo na upepo.

Sijui niwaelezeje mshtuko ule. Ninyi mmezoea kuona vitu vikiisha. Wale watu walikuwa na kitu kimoja tu duniani kisichokufa, wakaambiwa Mungu ni kama kitu hicho, na sasa kimelala chini, kimeoza. Mwaisumo mwenyewe alikwenda kwa Ambilikile, akaketi. Kisha akauliza kwa heshima kabisa, "Mwinjilisti, Mungu amekufa. Kwenu huwa mnamlilia siku ngapi?"

Ambilikile alifungua kinywa, lakini halikutoka neno. Hilo ndilo lililowatisha watu zaidi. Basi wakaweka matanga. Wanawake walivua shanga, wakaketi chini mbele ya kanisa lililoanguka, wakalia. Wanaume walikaa pembeni wameinamisha vichwa. Walimlilia Mungu siku tatu, na ninaona aibu kuwasimulia, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Subilaga hakwenda kulia. Alipofuatwa na kuulizwa kwa nini, alisema, "Mimi nimezika watatu, na kila mmoja nilimwona akiletwa. Huyu mnayemlilia, nani amemwona akiletwa?" Wakamwacha, wakasema uchungu umemchanganya akili. Ukweli ni kwamba hata yeye hakuwa na uhakika. Alikuwa na jambo moja tu kichwani. Mvua zikija, Itunda itapeleka nini mtoni?

Wazee walijifungia wakalijadili hilo. Msitu wa Lugombe hauonekani kutoka huku, na hakuna aliyekuwa amevuka mto tangu msiba, kwa hiyo waliamini kwamba mianzi imekauka huku tu, kwa sababu ya dhambi fulani ya Itunda wasiyoijua, na kwamba Lugombe watakuja na mwanzi mbichi kama kawaida. Mwanzi wa Itunda ukionekana mkavu, vita vitaanza siku hiyo hiyo, na Tumpe atakufa kabla ya mtu yeyote. Basi wakaamua kudanganya. Walichagua shina kavu lililonyooka vizuri, wakaziba nyufa zake kwa nta ya nyuki, wakalipaka maji ya majani ya maboga mpaka likawa kijani. Aliyeyatwanga majani hayo alikuwa Subilaga. Alitwanga huku akilia, maana alijua anatwanga uongo, na alijua pia kwamba asipotwanga mwanawe atachinjwa.

Siku ikafika. Itunda walishuka mtoni na mikuki, kama ilivyokuwa desturi, Mwaisumo ametangulia na mwanzi begani. Ng'ambo wakatokea Lugombe, Mwakyoma amebeba wa kwao, nao ulikuwa kijani kibichi. Watu wetu walipouona, mioyo iliwaruka. Nyuma ya Mwakyoma alisimama Tumpe, mimba yake ikiwa kubwa, na mtu mwenye panga kando yake.

Watawala wawili wakaingia majini kuliendea jiwe. Mvua ya kwanza ikaanza kunyesha, ya manyunyu tu, ile ambayo mtu hahangaiki hata kuikimbia. Subilaga aliona kijani kikianza kumtiririka Mwaisumo mkononi. Kikafika kiwiko, kikadondoka majini. Watu wa Itunda waliona pia. Ulikuwa mwisho wao, na wote walijua.

Lakini Lugombe hawakupiga kelele. Mwakyoma alikuwa amesimama kama amegandishwa, akiitazama mikono yake mwenyewe. Nayo ilikuwa ya kijani. Kijani kilikuwa kinamshuka kifuani mpaka kwenye nguo, na mwanzi aliobeba ulikuwa unabaki wa kijivu mbele ya macho ya watu wote.

Wanaume mia mbili walisimama kwenye kingo za mto wakiitazama mianzi miwili iliyokufa, na kila upande ulikuwa ndiyo kwanza unajua kwamba wenzao nao wamedanganya. Kisha kijana mmoja wa Lugombe akainua mkuki, mwingine wa Itunda akainua wake, na yule mwenye panga akamshika Tumpe bega.

Subilaga akaingia mtoni. Hakukimbia. Alitembea mpaka maji yakamfika magotini, akasimama kati ya watawala wale wawili.

"Baba Mwakyoma," akasema, "wa kwenu ulikauka lini?"

"Baridi ilipokuwa inaisha."

"Na wa kwetu siku hizo hizo. Hiyo ni miezi minne. Miezi minne mwanangu amelala kwako na kula kwako, na kiapo kilikwisha kufa. Kwa nini hukumuua?"

Mwakyoma alikuwa mtu mkali, hakuzoea kuhojiwa na mwanamke mbele ya watu. Lakini mshtuko ulikuwa umemvua ukali wote. Akajibu polepole, "Mama, nilikwenda kumuua. Nilikwenda asubuhi mbili na panga mkononi, nikamkuta anafagia uwanja, akanisalimia. Mkono haukuinuka. Mara zote mbili haukuinuka, nikarudi. Sijui ni nini kilichonishika."

Subilaga alisikia hayo, akaketi majini pale pale. Mpaka dakika ile hakuwa amejua mauti yalivyomkaribia mwanawe. Akalia kwa sauti, kisha akayapangusa macho na kuwageukia watu wa pande zote mbili.

"Tulisema mwanzi ndio unaotulinda," akasema. "Umekufa tangu baridi, na hakuna aliyeuawa. Basi miezi minne hii yote ni nani aliyekuwa anatulinda?"

Watu waliiona hesabu yenyewe, na iliwatisha kuliko kufa kwa mwanzi. Walikuwa wamemlilia Mungu siku tatu, naye muda wote huo alikuwa ameushika mkono wa Mwakyoma.

Ndipo Ambilikile akapata sauti, yule aliyekuwa bubu tangu matanga. Alisema, "Niliwafundisha vibaya. Nilitaka mnielewe upesi, nikamfananisha na kitu alichokiumba mwenyewe. Mwanzi ulikuwa na siku yake ya kufa, na yeye aliijua siku hiyo kabla hajaupanda. Tulipoanza kuuinamia aliuambia ufe, ukatii. Hata hakuukemea. Aliuvika maua kwanza." Akasema pia kwamba watu walimuua Mwana wa Mungu huyo, wakamzika na kuziba kaburi kwa jiwe, na hata hilo halikumshinda. Baada ya hapo hakuhubiri tena siku hiyo.

Watawala wale wakaiachia mianzi ile miwili ichukuliwe na maji. Mwakyoma akamtazama Mwaisumo, akauliza sasa wataapa kwa kitu gani. Wakafikiri mlima, wakasema labda nao una siku yake. Wakafikiri mto, wakafikiri jua, wakaogopa. Mwishowe hawakuapa kwa kitu. Kila mmoja alifungua viganja vyake vya kijani, akamwonyesha mwenzake kwamba hakushika chochote, wakasema, "Ndiyo," basi. Mwenye panga akamwachia Tumpe, naye akashuka majini kumwinua mama yake.

Na tangu siku hiyo mwanzi una siku ya kufa. Hukaa miaka mingi, mtoto azaliwe, aoe na kuota mvi, kisha huchanua wote kwa pamoja, mara moja tu, na kukauka. Mbegu zake huota upya, lakini ule uliochanua haurudi. Na tangu siku hiyo watu wa Itunda na Lugombe hatuapi kwa kitu chochote, na kanisani tukifika kwenye neno "milele" katika Sala ya Bwana, tunafungua viganja vitupu. Wageni hudhani tunaomba tupewe kitu. Hatuombi. Tunaonyesha kwamba hatushikilii kitu, na bado tumeshikwa.

Tumpe alijifungua mwezi uliofuata, mtoto wa kike. Huyo mtoto ndiye aliyemzaa bibi yangu. Kila nikifumba macho nauona ule uwanja uliofagiwa, na Mwakyoma amesimama na panga, na mkono wake hauinuki. Nimekuwa mzee wa kanisa miaka thelathini na hadi leo nikilifikiria hilo nywele hunisimama. Haya, inukeni tuombe.