Siku Ghorofa ya Juu Ilipokuwa ya Chini

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa mji, mji ukawa na mtaa wa maduka, mtaa ukapatwa na kamati.
Masikini!
Kaeni basi, niwasimulie.

Kuchakulo, yule kindi mdogo mwenye kucha za kuchimba, alikuwa fundi cherehani. Alipanga fremu ya chini, chumba cha duka barabarani kabisa. Kere-kere-kere, cherehani ililia tangu asubuhi. Wateja wake walikuwa kina Kobe, na Kobe mnamjua, ngazi hapandi.

Mwenyekiti wa kamati ya mipango miji alikuwa Kiboko. Akaitamani ile fremu. Akaketi peke yake, akajiita kikao, akajiunga mkono, akapitisha sheria ndogo. Akaja kuisoma mlangoni:

"Moja: fremu ya chini ni ile ambayo mteja anaingia kutoka ardhini bila kupanda ngazi. Mbili: dirisha lake lazima lionyeshe kitu cha kusimamisha wapita njia. Asiyenacho ahamie juu."

"Mheshimiwa, nina cherehani dirishani."

"Cherehani! Nani asimame kutazama cherehani? Panda juu, dada."

"Na wateja wangu?"

"Wajifunze ngazi."

Kuchakulo akapanda na cherehani yake. Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, kimya. Siku ya tatu Bi Kobe akafika chini ya ngazi na kitambaa cha harusi ya bintiye, akatazama juu, akafuta machozi, akaondoka. Kuchakulo akaona hapa ni kufa njaa au kufikiri.

Huko chini Kiboko akahamia, akataka bwawa. Ndani ya duka! Akae majini, mtaa mzima umtazame dirishani. Kuchakulo akashuka.

"Mheshimiwa, nikuchimbie?"

"Bei gani?"

"Bure. Unipe udongo tu."

"Udongo? Chukua wote, mjinga wewe!"

Kwaru-kwaru-kwaru, akachimba. Pu! Pu! Akaumwaga nje, ukutani, chini ya dirisha lake la juu, akaushindilia. Maji yakafunguliwa. Kiboko akavua suruali, akamrushia. "Na hii ipanue kiuno!" Akajitosa. Chubwi!

Asubuhi udongo ukafika nusu ya mlango.

"We Kuchakulo! Mbona mlango unaziba?"

"Ni faragha, Mheshimiwa. Wakubwa hawaingiliwi ovyo."

"Kweli. Ongeza kina!"

Kwaru-kwaru, pu! Adhuhuri udongo ukaziba dirisha.

"We Kuchakulo! Mbona giza?"

"Ni kivuli, Mheshimiwa. Ngozi yako haitaki jua."

"Kweli kabisa. Ongeza kina!"

Kwaru-kwaru, pu! Alasiri udongo ukafika dirisha la juu, mteremko laini hadi barabarani.

"We Kuchakulo! Mbona simwoni mtu?"

Kuchakulo alishatokea kwenye tundu la saizi yake, akaenda kumwita Korongo, afisa mipango miji.

Korongo akaja na futikamba na daftari. Akapanda mteremko, ta, ta, ta, akampita Bi Kobe aliyekuwa anapanda pia, polepole, anacheka. Akaingia kwa Kuchakulo bila kugusa ngazi. Akaandika: "Fremu ya chini." Akatazama dirisha. Suruali ya Kiboko ilining'inia pale, pana kama turubai la msiba, na mtaa mzima umesimama mdomo wazi. Akaandika: "Imetimiza."

"Chini ni mimi!" sauti ikanguruma sakafuni. "Niko huku!"

Korongo akakuna shingo. "Kilicho chini ya fremu ya chini kinaitwaje?"

"Stoo," akasema Kuchakulo.

Korongo akaandika: "Stoo. Biashara marufuku."

"We Korongo! Sheria hiyo nimeitunga mimi!"

"Naona sahihi yako, Mheshimiwa. Imependeza sana."

"Nabomoa ukuta, natoka!"

"Toka tu. Ila suruali haitoki. Inahitajika dirishani kisheria."

Kiboko akaufikiria ule umati. Akarudi majini taratibu, hadi puani.

Ngano yangu nimeiacha hapo mteremkoni, mwenye miguu aifuate. Funzo lake ni hili: wadogo, ridhikeni na ghorofa mliyopangiwa, maana wakubwa wanajua wanachokifanya. Na kumchimbia mkubwa bure, wapenzi wasikilizaji, hakujawahi kumfaidi mtu yeyote.