Pua ya Bingwa Fisi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakipika togwa na kuozesha mabinti kama sisi, Fisi alikuwa Bingwa wa Pua wa Mfalme Tembo. Akinusa mtungi akasema "Sumu!", basi ni sumu. Mtungi unabebwa kwenda kwake, eti akaumwage. Akaumwage wapi? Tumboni!

Na ole wako uulize. Tembo anapiga mguu chini, tii! "Kumpinga Bingwa ni kunipinga mimi!"

Sasa, kesho yake ilikuwa harusi ya binti wa Nguchiro. Togwa imeiva, inanukia mtaa mzima. Fisi huyo, joho linaburuzika.

"Sumu! Jioni vijana wangu watakuja kuuchukua mtungi."

"Lakini Bwana Bingwa, hata hujaonja!"

"Bingwa haonji. Bingwa anajua."

Nguchiro moyo ulimuuma. Wageni atawapa nini, maji ya kisima? Mkewe akaangua kilio.

"Nyamaza, mama watoto. Leo pua ndiyo itakayonuswa."

Akabeba vibuyu viwili vitupu, mbio hadi jikoni kwa Malkia. Alipotoka huko, akaenda moja kwa moja barazani.

"Mfalme wangu, kibuyu hiki kimetoka jikoni kwako, hiki kwangu. Bingwa na atupimie."

Fisi akanusa, nff! nff! "Cha Mfalme, aaa, asali tupu! Cha Nguchiro, ptuu! Kitaua kaya nzima!"

"Una hakika?"

"Pua hii haijakosea tangu nizaliwe!"

Malkia akainuka, mkono kiunoni. "We Fisi! Vyote nimevijaza mimi, kwa mtungi mmoja na upawa mmoja! Mimi ndiye mpika sumu?"

Loo! Baraza zima likacheka, kwa kwa kwa! Fisi akakunja joho, akatimua vumbi. Tembo, uso umemshuka kwa aibu, akaenda mwenyewe kuonja mtungi wa Nguchiro. Akajilamba. "Harusi iendelee!"

Wanyama wakambeba Nguchiro juu juu. "Bingwa wetu ni huyu! Akisema lolote, tunaamini!"

"Lolote?"

"Lolote!"

"Haya. Punda ana pembe."

"Ana pembe! Ana pembe!" wakaitikia wote, na Punda mwenyewe akiitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Nguchiro akacheka hadi akaanguka chini. "Jamani! Amesimama hapo hapo, hata kumtazama kichwani hamtaki?"

Ndiyo hivyo, wanangu: mjuzi wa kweli hukwambia "njoo tujaribu", wa uongo hukwambia "nyamaza uamini".